Kozi ya kujenga kwa kobu: ukuta tumefundishwa hasa, msingi na paa tumerushwa

Kwa wanaouliza kama kozi za kujenga kwa kobu zina thamani ya hela yake, jibu langu ni ndio, nenda, ila uende ukijua kabisa kwamba unachonunua pale ni mikono tu. Nyumba hujanunua. Tangazo lao lilikuwa na picha ya kijumba cha duara kizuri mno, dirisha la mviringo, mlango wa mbao nzito, na chini yake wameandika jenga nyumba yako mwenyewe, na hapo ndipo mimi na wao tunapoachana, maana nimetoka kule nimeridhika na nimeudhika kwa wakati mmoja. Jina la waandaaji siliweki, na wala sidhani lina maana sana, ukisoma matangazo mengi ya kozi hizi utaona yanafanana.

Kwa asiyejua, kobu ni udongo wa mfinyanzi, mchanga, mabua makavu na maji, unakanda kwa miguu, unapandisha ukuta bonge kwa bonge kwa mkono, hamna fito ndani, hamna tofali, hamna mbao za kumwagia zege. Ukuta unatoka mnene, sentimita 45 mpaka 60 kule chini. Na msidhani ni mambo ya majaribio, Devon kule kusini magharibi mwa Uingereza nyumba za hivi zimejaa na zingine zina miaka mia kadhaa watu wanaishi humo humo, hata Hayes Barton, nyumba aliyozaliwa Walter Raleigh, yule baharia maarufu wa Uingereza, karne ya 16, kuta zake ni kobu. Marekani ndio kulikotoka huu mtindo wa kisasa wa turubai, miguu peku na kuta zilizopinda pinda, hasa Oregon, ambako Cob Cottage Company walianza kazi mwaka 1993, na kozi niliyoenda ilikuwa ya njia hiyo hiyo.

Sasa nianze na walichofanya vizuri, na hapa nawapa heshima zao zote. Mwanzoni hatukugusa ukuta kabisa. Tulipewa machepe tukaambiwa chimba. Ule udongo wa juu mweusi wenye mizizi ukawekwa pembeni, huo ni wa bustani, ukiuweka ukutani vilivyomo vinaoza vinaacha matundu, tukashuka chini yake. Kila mtu akapewa chupa ya kioo yenye mfuniko, weka udongo theluthi, jaza maji karibu na shingo, chumvi kidogo, tikisa mpaka mkono uchoke, alafu weka mezani na usiguse tena. Mchanga unatua hapo hapo hata mikono hujafuta. Kisha inafuata silti, zile chembe laini kuliko mchanga, hizo zinachukua dakika kadhaa mpaka nusu saa hivi, na mfinyanzi wenyewe unabaki unaelea masaa na masaa, mara nyingine mpaka kesho yake maji bado yamechafuka.

Mwalimu, mama mmoja mwenye viganja vigumu na maneno machache, akawa anapita na kalamu anachora mstari kwenye kila tabaka. Akafika kwa kijana mmoja aliyekuwa anachekelea tabaka nene la katikati, yeye anajua kapata mfinyanzi wa kutosha. "Hiyo silti baba, hiyo haishiki kitu," akamwambia, akachukua bonge kavu la udongo ule ule alilochimba kijana, akalibana kwa vidole viwili likawa vumbi. Kijana akabaki kimya. Mi kwa hilo peke yake nilishaona hela yangu imeanza kurudi, kwa sababu udongo wenye silti nyingi ukilowa unakudanganya kabisa, unateleza, unafinyangika, unaona huu ndio wenyewe, ukikauka hauna nguvu yoyote. Huwezi kulijua hilo kwa kuangalia video.

Baada ya hapo kipimo cha mnyororo, unasokota udongo mbichi mwembamba kama kalamu unauacha uning'inie kutoka mkononi, ukikatika mapema sana mfinyanzi ni mdogo. Na kipimo cha bonge, unalidondosha kutoka usawa wa bega, likisambaa maji ni mengi, likipasuka vipande vipande ni kavu mno au mchanga umezidi, likitua likabaki bonge uko pazuri. Kwa hesabu, mchanganyiko unaotafutwa ni mfinyanzi asilimia 15 mpaka 25 hivi na kinachobaki ni mchanga na changarawe, na mchanga uwe wenye kona, sio ule wa duara unaoteleza, maana kona ndizo zinazong'ang'aniana. Lakini hesabu hizo zinakusogeza tu karibu, jibu la kweli linatoka kwenye tofali za majaribio, unatengeneza za uwiano tofauti, udongo moja kwa mchanga moja, moja kwa mbili, moja kwa tatu, unaziandika namba, unaziacha zikauke kabisa. Iliyopasuka ina mfinyanzi mwingi, inayomomonyoka ukiikwaruza kwa msumari ina mchanga mwingi. Hapa kozi ilikuwa na kaujanja kazuri, walikuwa na tofali kavu tayari kutoka vikundi vilivyotangulia, kwa hiyo tulizivunja, tukazikwaruza, tukasimama juu yake, bila kusubiri zetu zikauke. Wengine wanaofundisha waige hilo.

Kukanda nako kulikuwa kuzuri. Turubai chini, ndoo za udongo na mchanga zinamwagwa kavu, watu wawili wanashika pembe na kubingirisha mpaka rangi iwe moja, katikati unafungua shimo, unatia maji, alafu unaingia peku. Kisigino ndio kinafanya kazi, sio unyayo mzima, unazungusha kisigino kama unazima kitu. Kila baada ya muda mnavuta turubai upande mmoja lile tope linajikunja lenyewe, mnakanyaga tena. Mabua yanaingia mwishoni, kidogo kidogo, na ni mabua ya ngano au mpunga au jamii hiyo, marefu na makavu, sio nyasi za kulishia mifugo, hizo zina majani na mbegu, zinaoza na zingine zinaota. Utajua iko tayari pale mkivuta turubai mzigo wote unageuka kwa pamoja kipande kimoja bila kuachia, na ukichomoa bonge unasikia mabua yanakataa kuachana. Ile sauti ya mkwaruzo ukishaisikia huisahau.

Ila jamani kwenye turubai moja tulikuwa wengi mno. Wanne wanatosha, wakizidi hapo wengine wanasimama wanapiga picha.

Ukuta wenyewe, nasema tena, wamefundisha hasa. Bonge halibandikwi tu juu, linashonwa, yaani unatumia kidole gumba au kijiti butu unasukuma mabua ya bonge la juu yaingie kwenye tabaka la chini, ili mwisho wa siku ukuta uwe kitu kimoja. Ukipandisha haraka kuliko ukuta unavyokauka unaanza kutoa kitambi, na ukishaona kitambi unasimama, huongezi hata bonge moja, unasubiri ushike kidogo alafu unakata kile kilichotoka nje kwa msumeno wa zamani au chepe. Kwa siku, hali ya hewa ikiwa nzuri, sentimita 30 hivi za kwenda juu ni kazi ya kuridhisha. Unaacha juu pakiwa na mashimo ya vidole na paparuzo ili tabaka la kesho lishike, unafunika, asubuhi unalowesha kabla ya kuendelea. Pia walituonyesha jinsi ya kuzika vipande vya mbao vyenye misumari iliyotokeza ndani ya ukuta ili baadae fremu ya mlango ipate pa kushika, linta zilale ukutani vya kutosha kila upande, na paipu za nyaya za umeme ziwekwe wakati ukuta unapanda, sio uje kuchimba baadae. Kuta zilizopinda zinasimama vizuri kuliko zilizonyooka, na hilo sio urembo, mkunjo unaukatalia ukuta kuanguka upande. Tulisukuma kuta fupi za mazoezi wawili wawili, ule ulionyooka ukatikisika, wa mkunjo ukatuangalia tu.

Mpaka hapo nyota tano. Sasa shida zangu.

Ukuta tulioujenga ulikuwa juu ya msingi wa mawe ambao tuliukuta, na chini ya paa ambalo tuliliona limeshasimama kwenye nguzo. Hatukuchimba mtaro hata mmoja, hatukupanga jiwe, hatukupandisha kenchi. Msemo wa watu wa Devon ni kwamba kobu inataka kofia nzuri na viatu vizuri, na mwalimu aliutaja huo msemo, tukacheka, tukaendelea kukanyaga tope. Wakati ndio somo zima hilo! Kobu ikiwa kavu inabeba paa bila wasiwasi, ikilowa nguvu inashuka vibaya, na maji yanatoka sehemu mbili, juu na chini. Kwa chini unataka ukuta wa mawe au tofali za kuchoma angalau sentimita 45 juu ya ardhi ili matone ya mvua yanayoruka yasifike kwenye udongo, na kuwe na kitu cha kuzuia unyevu usipande. Chini ya hapo ni mtaro uliojazwa mawe na kokoto, wenye mteremko na paipu ya kutolea maji, ili maji yasisimame chini ya nyumba. Kwa juu, paa litoke nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi. Na mchwa je? Ukuta wa udongo mchwa anaufanya njia ya kufikia mbao za paa, kwa hiyo kizuizi chake nacho kinawekwa pale pale juu ya msingi kabla kobu haijaanza. Nilimuuliza msaidizi wao, "Kaka, msingi tutaugusa lini?" akasema upo kwenye kijitabu. Kijitabu kina kurasa mbili za msingi na michoro isiyo na vipimo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba walituonyesha picha za shule ya METI kule Rudrapur, Bangladesh, ile ya mbunifu majengo mwanamama Anna Heringer na mwenzake Eike Roswag iliyopata tuzo ya usanifu majengo ya Aga Khan mwaka 2007, na kweli ni jengo la kutia moyo, udongo na mabua vimekandwa na ng'ombe na nyati, tabaka likishika linakatwa kwa chepe likanyooka, juu wameweka ghorofa ya mianzi. Lakini picha zote zilikuwa za kuta na watoto. Jengo lile limesimama juu ya msingi wa tofali wenye kizuizi cha unyevu, na lina paa lililotoka nje kwelikweli. Si mngetuonyesha na hiyo!

Suala la pili ni uzito, ambalo hawakuligusa kabisa na mi naona ni kuficha ukweli wa kazi. Kobu kavu ina kilo kama 1,600 kwa mita moja ya ujazo. Ukuta wa sentimita 50, mita moja ya mraba tu, ni kilo 800. Chukua chumba kidogo cha mita 4 kwa 3, kuta za urefu wa mita 2.2, toa mlango na madirisha, unabaki na kama mita 27 za mraba. Hiyo ni tani 21 na ushee, na hapo bado hujaweka maji, na kila kilo ya hiyo imechimbwa, imekanyagwa, imebebwa kwa ndoo, imeshonwa kwa kidole. Ukipunguza unene kadiri unavyopanda, kama inavyofanywa mara nyingi, mzigo unapungua, lakini bado ni tani na tani. Kwa wingi huo watu wenye akili zao wanatumia trekta kukanyaga au mashine ya kukandia, na udongo haujui kama umekanyagwa na kisigino au na tairi. Sasa pale kozini ukitaja mashine unaangaliwa kama umetukana ukoo. Mi siwaelewi. Mtu mwenye mgongo mbovu naye anataka nyumba.

La tatu, joto na baridi. Tuliambiwa kuta za kobu "zinazuia baridi vizuri sana." Hapana. Kobu inahifadhi joto, inalipokea mchana taratibu na kulitoa usiku taratibu, na mahali ambapo mchana ni moto na usiku ni baridi hiyo ni raha kubwa. Lakini kuzuia joto lisipite ni kazi nyingine, na hapo kobu ni dhaifu, kwenye baridi ya miezi mfululizo ukuta wote unapoa na utakaa unauchomea kuni bila mwisho. Ndio maana Chuo Kikuu cha Plymouth pamoja na wenzao wa Ufaransa wameingia kwenye mradi wa CobBauge, wakaja na ukuta wa tabaka mbili, upande mmoja kobu nzito ya kubeba mzigo na upande mwingine udongo mwepesi uliojaa nyuzi za mimea wa kuzuia joto, ili nyumba ikidhi sheria za ujenzi za kisasa. Mtu anayefundisha kwa hela anatakiwa kulijua hilo.

Na kwa kuwa nimetaja sheria, dada mmoja aliuliza habari za kibali, akajibiwa kwamba "kijumba kidogo hakina shida." Jibu gani hilo? Kila mahali pana utaratibu wake, na miongozo ipo, kwa mfano Marekani kanuni ya ujenzi wa nyumba za kuishi ya mwaka 2021 ina kiambatisho kizima cha kobu. Hata kama huko uliko hakitumiki, ni karatasi ya kumpa injinia aanze nayo mazungumzo, badala ya kumpelekea picha za kijumba cha duara.

Plasta walirudi kwenye ubora wao. Walieleza vizuri kwa nini saruji haitakiwi juu ya kobu, kwamba saruji inapasuka mapema au baadae, maji yanaingia kwenye ufa, alafu hayana pa kutokea, yanashuka yanajikusanya chini ya ukuta nyuma ya ganda ambalo kwa nje linaonekana zima, mpaka siku ukuta unapokaa chini. Nyumba za zamani nyingi zimeumia hivyo baada ya kupigwa saruji na wenye nia njema. Kwa hiyo ni plasta ya udongo au ya chokaa, ambazo zinaruhusu ukuta kupumua, na chokaa ipigwe ukuta ukiwa umekauka sawasawa, ni suala la miezi. Tulichanganya plasta ya udongo kwa mchanga uliochekechwa, mabua yaliyokatwa mafupi, uji wa unga wa ngano na samadi ya ng'ombe. Watu walianza kwa kubana pua, baada ya muda mfupi kila mtu yuko humo mpaka kwenye viwiko. Kwenye sakafu ya udongo walitupa onyesho fupi tu la kupaka mafuta ya kitani tabaka juu ya tabaka, la kwanza linanywewa lote, yanayofuata yanazidi kukataa kuingia, na sakafu inakuwa ngumu unaweza kuifuta kwa kitambaa kilicholowa. Hilo ningependa lipewe muda zaidi, tungepunguza ile asubuhi ya kukaa duara na kuelezana hisia zetu kuhusu tope.

Mengine madogo: maji ya kunawia yalitosha, kivuli kipo, glovu za chokaa walitoa bila kuombwa, na hilo sio dogo maana chokaa inachoma ngozi na macho.

Kwa hiyo nani aende? Ukiwa unataka kujenga benchi la bustani, ukuta wa uzio, au jiko la kuokea, nenda kesho, utatoka unajua sehemu kubwa ya unachohitaji. Jiko hasa ndio mradi wa kwanza ninaoupendekeza, kuba la mchanga mbichi lililofunikwa magazeti yaliyoloweshwa, juu yake kobu isiyo na mabua sentimita 7 mpaka 10, ikishika unachimbua mchanga wote kutokea mlangoni, na mlango uwe na urefu wa asilimia 63 hivi ya urefu wa ndani wa kuba, hewa inaingia chini moshi unatoka juu bila bomba. Likiharibika unalivunja, unalilowesha, unaanza upya na udongo ule ule. Ukiwa unataka nyumba ya kulala watu, nenda pia, ila uhesabu kwamba umesoma theluthi moja, na theluthi mbili zilizobaki utazitafuta kwa fundi mwashi wa mawe na fundi wa paa ambao wala hawahitaji kujua kobu ni nini.

Mi nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu ni ya yule mama na kalamu yake. Kabla ya kulipia kozi yoyote ya hivi wakuu, waandikieni muulize kitu kimoja tu: msingi na paa mtavijenga wakati sisi tupo, au tutavikuta? Wakijibu mtavikuta, ombeni punguzo.